Nani Anamlisha Watasema?

"Nani amempa mbwa wangu mifupa?"

Wodi nzima ya wanaume ikageuka kutazama. Stephania alisimama katikati ya vitanda, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kamba ya Watasema. Ndiyo, mbwa aliitwa Watasema, ili majirani kule Igurwa wakianza kusema wajue wameshatanguliwa. Na kweli walisema. Mwanamke mzima, Krismasi, badala ya kukaa na wageni wake anampeleka mbwa hospitali kuamkia wagonjwa!

Waseme mpaka wachoke. Baba yake, mzee Polikarpi, alikataa chakula tangu siku alipomzika mkewe. Alipolazwa katika hospitali ile ya misheni alikuwa ngozi na mifupa. Uji alirudisha, mchuzi alirudisha. Halafu siku moja Watasema alimfuata Stephania mpaka wodini, akalaza kichwa kitandani kwa mzee. Mzee akacheka, na siku hiyo sahani yake ikarudi tupu.

Sista Immaculata, mkuu wa wodi, aliiona sahani ile kwa macho yake. Akaruhusu mbwa aje kila Jumapili na kila sikukuu. "Lakini siku akichafua sakafu yangu," alisema, "au siku akiugua humu ndani, harudi tena."

Asiporudi mbwa, nani atamfanya mzee ale? Ndiyo maana Stephania alimlinda yule mnyama kama yai. Alimwogesha kwa sabuni ya kipande kabla ya kutoka nyumbani. Watoto walikatazwa kumvuta mkia. Kwaya ikiingia na ngoma zake, mbwa aliwekwa chini ya kitanda cha mzee apumzike, na ole wake atakayemtoa. Mifupa ya kuku marufuku. Pombe ya ndizi marufuku, maana wako walevi waliodhani kumlewesha mbwa ni mchezo.

Na maji. Hilo la maji lilikuwa la mzee mwenyewe. "Mwanangu, mwenzetu ana kiu," alisema kila chakula kilipopakuliwa. "Kamletee maji kwanza." Stephania alikwenda mpaka bombani, nyuma ya jiko la hospitali, na kila aliporudi alimkuta baba yake ameshamaliza kula. Mwili ulikuwa bado haujarudi, lakini Sista alimtuliza: mzee hanenepi kwa siku moja.

Aliyenenepa ni mbwa! Tangu Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, yaanze na wageni kujaa na vikapu vyao, kamba ya shingoni ilikuwa imelegezwa na kulegezwa tena. Na leo ametoka chini ya kitanda anahema, tumbo limemvimba, macho yamemlegea.

"Ni wewe!" Stephania alimwelekezea kidole Mutalemwa wa kitanda cha jirani, mguu wake ndani ya plasta, ndugu zake wamemzunguka na kibuyu na kuku mzima.

"Mimi?"

"Wewe! Fadhila za punda mashuzi! Ulipokuwa unalia na huo mguu kama mtoto, nani alikuja kukulalia miguuni ukanyamaza? Si huyu? Leo unamuua kwa mifupa!"

"Dada, chunga mdomo," shemeji yake Mutalemwa akasimama. "Sisi tuna watoto wa kulisha. Mbwa wako tumlishe ya nini?"

Mutalemwa akafungua mdomo ajibu. Akamtazama mzee Polikarpi, akaufunga.

"Haya, ni mimi," akasema. "Basi, yaishe."

Yaishe! Kukiri kwake ndiko kukamwaga petroli kwenye moto. Huyu bwana hakujua alichokuwa anamnyang'anya Stephania.

"Stephania, mwache mwenzio," mzee alisema. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, na jua la mchana lile. "Leo sikukuu."

"Wewe usijali, tata," alimjibu baba yake. " Wewe shibe yako tu ndiyo ninayoitaka."

Na leo mzee alikuwa ameshiba, hilo Stephania alikuwa na hakika nalo. Mwaka ule senene, wale panzi watamu wa msimu, walikuwa haba mno. Katika vikapu vyote mle wodini hapakuwa na mtu aliyeleta hata mmoja. Yeye aliwasaka kwenye nyasi za umande alfajiri baada ya alfajiri, akapata kama konzi mbili. Akawanyofoa mabawa na miguu, akawakaanga, akawafunga kwenye jani la mgomba, asionje hata mmoja. Marehemu mama yake naye hakuonja maisha yake yote. Kila msimu aliwakamata, akamwekea mumewe. Mwaka huu mwekaji alikuwa binti.

"Umewamaliza wote, tata?" alikuwa amemwuliza mapema, aliporudi na maji.

"Wote, mwanangu. Watamu kama wa mama yako."

Kwa neno hilo alikuwa tayari kupigana na wodi nzima.

Sista Immaculata akatokea mlangoni, kelele zimemleta. "Kuna nini humu?"

Kabla hajajibiwa, Watasema alirudi nyuma, akakunja mgongo, akatapika katikati ya sakafu.

"Mtoe nje," Sista akasema. "Na asirudi."

"Sista, si kosa lake! Wamemlisha mifupa, mwenyewe amekiri!" Stephania alipiga magoti, akachukua kipande cha jani la mgomba, akaanza kuchambua matapishi mbele ya watu wote. "Njoo uone, Mutalemwa! Njoo uitazame mifupa yako!"

Mutalemwa aligeukia ukutani.

Mfupa haukuwapo. Palikuwa na ndizi, maharage, na senene wazimawazima, hawana mabawa, hawana miguu.

Nyuma yake, mzee Polikarpi alilivuta blanketi, akajifunika uso.