Nyuma ya Shuka

Bosi yuko ng'ambo ya bahari. Nimetundika shuka nyeupe nyuma ya kiti ili chumba changu cha kisiwani kifanane na ofisi. Nyuma ya shuka, mama mkwe amembeba mwanangu anayelia na kuchemka kwa homa. Simu yetu ya pekee ndiyo inayoipa kompyuta intaneti. Nikimpigia mwenye boti atupeleke hospitali, kikao changu na bosi kinakatika.

"Ukikatika tena leo, dada, usijisumbue kurudi," bosi ameshanionya.

"Piga simu, we mtoto!" mama mkwe ananong'ona. "Kazi gani hiyo isiyokupa hata nafasi ya kuuguza?"

"Kidogo tu, mama. Namalizia."

Natabasamu, nasoma takwimu zangu. Jasho linanitiririka mgongoni, kamera isikofika.

Kilio kinakoma.

"Afadhali amelala," bosi anacheka. "Haya, endelea."

Nageuka. Chini ya pindo la shuka naiona miguu ya mama mkwe, iliyokuwa ikizunguka chumba kubembeleza. Imesimama.

Naichomoa simu kwenye waya, natafuta namba ya boti.

"Acha tu, mwanangu," anasema mama mkwe. "Boti ya nini tena?"