Mlango wa Ishirini na Tano

Siku hiyo mjinga alikuwa Walubengo. Hata leo ukimuuliza hapingi, anakohoa tu.

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi, mwaka wa tisini na saba, katika kiofisi cha barua pepe pale Kawangware. Walubengo alikuwa amemwaga mkoba wa Nafuna mezani: kitana, Biblia ndogo, dagaa wa omena kwenye karatasi. Wateja watatu walitazama kutoka kwenye benchi.

"Barua yangu iko wapi?"

"Sijaichapisha!" Nafuna alijibu. "Hata hawa waliokaa hapa tangu asubuhi, barua zao hazijaingia."

Yeye na Walubengo walikuwa kazini kwa majaribio, na kazi ilikuwa ya mmoja. Mwenye ofisi, Madam Katunge, alisafiri akaahidi kutuma uamuzi wake kwa barua pepe Ijumaa kabla ya saa nne. Kila barua iliyoingia, Nafuna ndiye aliyeichapisha na kumkabidhi mwenyewe. Na kule anakoishi, Kisumu Ndogo, Kibera, Walubengo alikuwa ameshawatangazia wapangaji wa ploti nzima kwamba Jumatatu anavaa tai.

Ubishi wao ulianza Alhamisi. Walubengo alikuwa ameandika programu kwa lugha ya C: unaipa jina la huduma, inatazama orodha ya milango iliyo ndani ya mashine, inakurudishia namba ya mlango ambao huduma hiyo hupitia. Barua huingilia mlango wa 25. Programu yake ikasema 6400.

"Igeuze kabla ya kuionyesha," Nafuna alimwambia. "Mtandao unaipanga namba kutoka upande huu, mashine yetu kutoka upande ule. Ita ntohs, amri ya kuigeuza, mstari mmoja tu."

"Wee siste, kazi yako ni kuchapisha. Utanifunza C lini?"

Nafuna alipotoka kununua chai, Walubengo akaifungua orodha yenyewe. Kama 25 inatoka 6400, je, 6400 itatoka ngapi? Akafuta 25, akaandika 6400. Programu ikasema 25. Akazima mashine, akaiwasha tena, bado 25. Akapiga mluzi.

"Umetumia ntohs?" Nafuna aliuliza aliporudi.

"Nimetumia kichwa."

Sasa, Ijumaa hiyo, simu ikalia. Walubengo akaidaka, akasikia sauti ya Madam Katunge.

"Madam! Nafuna ameficha barua yangu!"

"Ataficha vipi barua ambayo haijafika?" Madam Katunge aliuliza. "Nimetuma mara tatu tangu saa mbili. Zote zimekataliwa. Hapo kwenu mlango wa ishirini na tano haufunguki. Nani amegusa mashine yangu?"

Nafuna alikuwa ameshafungua orodha. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa barua, juu ya 6400. Mteja mmoja akacheka puani.

Mkono mmoja wa Walubengo ukishika simu, mwingine ulianza kurudisha omena kwenye karatasi, mmoja mmoja, kana kwamba hilo ndilo lingemwokoa.

"Ni mimi, Madam. Nilibadilisha orodha. Halafu nikamwita Nafuna mwizi mbele ya wateja." "Lakini Madam, si ni namba moja tu niliandika!"

"Na mimi niliandika jina moja tu," Madam Katunge akajibu. "Lako. Sasa mpe Nafuna simu."