Kama Ulivyomfanyia Yule Mama

Bushiri aliambiwa autoe mkono mfukoni ajilaze vizuri. Akajilaza. Mkono hakuutoa.

Dokta Erica hakumlazimisha. Wateja wake walimwita dokta, ingawa cheti hakuna aliyewahi kukiona, na wenye woga alikuwa amewazoea. Chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni, huko Miyuji mjini: kitanda kimoja, feni, na picha kubwa ya mzungu asiye na kunyanzi hata moja. Bushiri alipopita saluni, wanawake wawili waliokuwa wanasukwa walimcheka. Mmoja alisema babu anaoa. Mwenzake akajibu kwamba kwa kanzu ile ilivyopigwa pasi, ndoa ni leo leo.

Kanzu kweli ilikuwa imepigwa pasi. Alfajiri ile kule Kolo, Kondoa, Bushiri alioga akajisugua sana, akavaa nguo safi, na baada ya sala akapita msikitini mtu kwa mtu akiomba radhi, hata kwa wasiokumbuka amewakosea nini. Mdogo wake, Jamaldini, aliyekuwa anafanya naye kazi buchani, aliyaona hayo yote. Akamfuata mpaka barabarani.

"Kaka, najua unakwenda kwa nani," akamwambia. "Usituletee damu."

"Siendi kumwaga damu ya mtu," Bushiri akasema, akapanda basi.

Jamaldini hakuamini. Kaka yake alikuwa akichinja ng'ombe tangu ujana wake, na tangu amzike mkewe alikuwa haongei, ananoa tu.

Mkewe, Zuleha, alikuja mjini kwenye harusi ya mpwa wake akarudi amejifunika mtandio usoni. Wenzake walikuwa wamempeleka kwa Erica akajazwe ile mikunjo miwili ya uzee, inayoshuka kutoka puani mpaka pembeni mwa mdomo. Mikunjo ilijaa kweli. Kisha shavu likawa jekundu, likawa zambarau, likawa jeusi kama ini lililolala. Homa ikapanda, haikushuka tena. Alikata roho usiku wa kuamkia Ijumaa, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa, kama wanavyozikwa Waislamu wote wa kule.

Ndipo Bushiri alipoanza kuzunguka maofisini. Watu wa afya walimtuma polisi. Polisi wakamrudisha kwa watu wa afya. Mwisho akafika kwa mkubwa mmoja mwenye kiti cha kuzunguka, ambaye hata kukaa hakumkaribisha.

"Mzee, mwili uko wapi?" yule mkubwa akauliza. "Nyie mnazika mbiombio, halafu mnakuja kutusumbua. Bila daktari kumpasua nitajuaje kama haikuwa malaria? Ushahidi umeufukia mwenyewe."

Kufukua, akasema, ni mpaka mahakama, na mahakama ni mpaka wakili. Huyo ndiye serikali imempa gari na dereva. Bango la Erica, la pinki, lipo palepale kando ya barabara yake ya kwenda kazini, analipita kila asubuhi vioo vimepandishwa.

"Nani kakuelekeza kwangu, baba?" Erica akauliza, akimpangusa mashavu kwa spiriti.

"Mama mmoja wa Kolo. Alikuja na mtandio wa kijani."

Erica akafikiri kidogo, kisha akacheka. "Yule mcheshi. Namkumbuka. Mwambie arudi basi, sindano ya pili nitamfanyia nafuu."

Mkono wa Bushiri ukajikaza mfukoni. Erica alikuwa amemwinamia, koo lake liko karibu kabisa, mshipa unapiga. Bushiri aliijua mishipa ya koo kuliko alivyozijua herufi.

"Hawezi kuja," akasema. "Nifanyie kama ulivyomfanyia yule mama. Palepale. Na dawa ileile."

Erica alikuwa ameshafungua boksi jipya. Akamweleza kwamba ile ya wakati ule, ya chupa ya kahawia, imebaki kidogo tu chini, na wala si nzuri kama hii. Bushiri akasema anataka ya kahawia. Erica akamtania kwamba wazee wa Kondoa kwa ubishi hawajambo, akainama kuitafuta. Chupa ikatoka kwenye droo ya chini, haina karatasi, kizibo kimezungushiwa plasta.

Sindano ikaingia kando ya pua. Iliuma kama siafu, kisha ikawa moto. Bushiri alikodolea macho feni mpaka upande wa pili nao ukaisha. Akapewa kioo. Mle ndani alikuwamo mwanamume laini, kama yule aliyemuoa Zuleha. Akakirudisha kioo haraka.

Erica akamgeuzia mgongo, akaenda kunawa, shingo wazi, akiimba kidogo. Mlango ulikuwa umefungwa na feni ilikuwa inapiga kelele. Bushiri akasimama nyuma yake.

Akamshukuru. Akatoka.

Nje akakaa kwenye baraza la duka lililofungwa. Hapo ndipo alipoutoa mkono mfukoni, simu imelowa jasho, akampigia mdogo wake.

"Umemfanya nini, kaka?" Jamaldini akauliza kabla ya salamu.

"Sijamgusa. Yeye ndiye kanigusa." Shavu lilikuwa limeanza kuchemka. "Sasa nisikilize. Shavu langu likigeuka jeusi kama la shemeji yako, nisipelekwe hospitali. Na nikifa, msinizike. Nipelekeni ofisini kwa yule mkubwa."