Mashine Iliyofukuza Wageni

Ilipofika saa tatu asubuhi, watu kumi na saba walikuwa wameshatoweka kwenye kompyuta ya Noela pale Didia. Wa mwisho alikuwa Mbrazili. Aliingia, akakaa nusu dakika, hayupo.

Ninyi vijana mnaoacha mashine sebuleni na kutokomea, lisikieni hili.

Kompyuta ile ndiyo ilibeba ubao wa wapenzi wa redio wa dunia nzima. Mtu akimnasa mwenzake wa mbali hewani, anaingia ubaoni na kuandika kamsikia nani, masafa gani, wengine nao wamtafute. Noela alihangaika miaka miwili mpaka ubao ukawekwa kwao. Sasa Januari, mwenyekiti wa chama, alikuwa anapiga simu kutoka Shinyanga mjini.

"Watu wanalalamika, Noela. Ikifika saa sita bado inawatupa nje, nauhamishia ubao Geita kwa Marselino."

"Marselino huyo anayeunga nyaya kwa gundi ya viatu?"

"Yake haitupi watu."

Noela akazima, akawasha. Akarudisha programu ya zamani. Akamshuku yule mlevi aliyetukana ubaoni juzi, mpaka ikabidi amfundishe mama yake kuandika neno "toa" mbele ya jina lake ili mashine imtupe nje. Labda analipiza. Wapi, mlevi hakuwemo.

Cha ajabu, yeye akikaa mbele ya mashine, inatulia kama mtoto aliyeona fimbo. Akitoka tu kukagua waya wa intaneti, wanatoweka wanne.

Basi ni waya. Akapanda juu ya bati.

Alikuwa huko, bisibisi mdomoni, mama yake alipochungulia dirishani.

"Mayu, umeme upo huko ndani?"

"Upo. Ila wageni wa siku hizi, mwanangu. Mtu anaingia kwa watu bila hodi, bila salamu, anaanza kumwaga shida zake."

"Watoe tu, mayu. Leo sina muda na wageni."

"Haya." Kichwa kikarudi ndani.

Noela alikata waya, akaunga, akakata tena. Jua likamchoma mgongo. Saa sita kasoro dakika tano simu ikalia.

"Umefanyaje wewe?" Januari alisema. "Wamerudi wote. Ubao umejaa. Basi, ubaki hukohuko."

Noela alishuka ngazi mbiombio, akaingia sebuleni akihema. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, miwani puani, kidole kimoja hewani.

Kwenye kioo Mjapani, Mfini na yule Mbrazili, kila mmoja kabla ya kutaja masafa yoyote, alikuwa amenakili maneno ambayo mama aliyabandika juu ya ubao: SHIKAMOO MAMA. Na chini ya kila mmoja: Marahaba. Pita ndani.

Mstari wa mwisho ulitoka Geita. Marselino alikuwa ameandika: Mambo.

Kidole kikashuka kwenye herufi T.