Kitako cha Nguzo

Nguzo mbovu ya baraza ilikwisha kushushwa, kikabaki kitako chake, lile jiwe bapa lililoibeba miaka yote. Fundi Shomvi alilipindua kwa mtaimbo.

"Bi Tatu, mbona lina maandishi?"

Bi Tatu akainama kusoma. Lilikuwa jina la binti yake, Zuwena, aliyezikwa ana miaka minne. Jiwe la kaburi lake, mumewe alimwambia, liliibwa.

"Baba Zuwena!" Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba.

Mzee akatoka, akaliona jiwe, akashika ukuta.

"Ulikuwa unashinda makaburini, mke wangu. Ndiyo nikamleta nyumbani."

"Ulileta jiwe tu?"

Fundi alipoinua sululu achimbe pale jiwe lilipokuwa, mzee aliidaka hewani.