Hofu, Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Muuguzi Nusura alishika fomu ya kupima hofu ya mgonjwa, na anataka kuelezwa kiasi gani kabla ya kupitishwa mpira mwembamba kwenye mshipa wa moyo.

"Uliza lolote, mzee."

"Moja tu, sista. Daktari wangu Mhindi hawajamfukuza?"

Daktari alikuwa ameondoka jana na sanduku moja, kwa amri ya serikali kwamba Wahindi wote wahame nchi. Kesho mpira ungeshikwa na mwanafunzi wake. Mlangoni, askari aliacha kuchokonoa meno, akasikiliza.

"Yupo," Nusura akasema, macho kwenye mkono wa mzee ulionyolewa tayari, wenye tone la damu pale wembe ulipoteleza.

"Alhamdulillahi. Basi hofu niandikie sifuri."

Akaandika.

Mzee akaushika mkono wenye kalamu, akaubusu, kama mtoto anavyobusu mkono wa babu yake.