Mama Mkwe Anataka Kuliona Ziwa Ngosi

Masunga alikuwa akipanga viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, kesho yeye na mkewe wapande mlima kuliona ziwa Ngosi, mama mkwe wake alipoita kutoka chumbani, "Na mimi nakwenda. Jumatatu narudi Shinyanga, sitaliona tena."

Hapo pakawa pagumu. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe wala hamtazami usoni, na njia ya Ngosi ni mizizi na utelezi mtupu.

"Nani atamshika mkono?" mkewe akauliza huku akicheka.

Masunga akachukua fimbo yake ya ng'ombe, akaipenyeza chini ya pazia. "Mwambie mama atashika ncha hiyo, mimi hii. Sitageuka nyuma."

Fimbo ikavutwa. Kisha ikarudishwa.

"Mwambie mumeo hii fupi. Akakate ndefu."